Tupeane uzoefu: besdei ya rafiki aliekuja kujitolea (au wewe ndo ulokwenda kwao)

jangombe_tu
Asalaam alaykum. Nyumbani tulikaa na msichana wa Kiholanzi, kaja kujitolea kusomesha skuli ya maandalizi. Siku yake ya kuzaliwa ikafika, kajifungia chumbani analia, kumbe hajawahi kuamka siku hiyo bila ya mtu kumuimbia. Bibi kuambiwa akasema "khaa, mie yangu siijui, naijua ya Mtume tu, kumi na mbili Mfungo Sita." Lakini huyohuyo bibi ndo alopika mkate wa kumimina, na mishumaa ya keki hatuna basi akauchomeka kijiti cha udi katikati. Mtoto wa watu kupuliza, udi hauzimiki! Kila akipuliza ndo kwanza moshi. Alipotulia akaanza kutupa mkono mmoja mmoja anatwambia hongera, kwao anapongezwa mpaka alokaa pembeni, bibi akauliza "hongera ya nini, mie nimezaa?"
Enhe, nyie mlifanyaje? Na mlokwenda nje mseme.

malindi_zamani
Yangu ni ya mwisho wa Disemba 2009, wa Unguja mshajua. Umeme ulikatika tarehe 10 mwezi ule na haujarudi mpaka Machi 2010. Rafiki yangu Muitaliano alikuwa akijitolea hospitali, katimiza miaka 25 ndani ya kiza kile. Sie na akili zetu tukasema tumfanyie sapraizi, tukapanga mishumaa sebule nzima tukajibanza nyuma ya mlango. Bwana yule kaingia, katupita, kavua viatu, kakaa zake. Mana kila usiku kila nyumba ndo hivohivo, mishumaa mishumaa, sasa yeye atajuaje kama hii ya leo ni ya furaha? Ikabidi tutoke wenyewe. Kuimba nako mpaka tupige ukelele, jenereta la jirani linanguruma dirishani. Aiskrimu ya Darajani ilifika maji tukainywa kwa vikombe.
Na ile ya kumwagia maji mwenye besdei hakuna alothubutu, pampu haziendi, maji yenyewe ya kuchota kisimani na kujitwika, umwage chini una wazimu? Tulimpa ndoo mbili zimejaa ziwe ndo zawadi, akaoge mpaka achoke. Hajapata zawadi kama ile, mpaka leo akipiga simu anaitaja.

mchanga_wa_wete
Mie ndo nlokwenda. Mwaka mzima Ujerumani, najitolea nyumba ya wazee. Mwenzangu wa kazi siku yake Jumamosi na mie Jumamosi sina zamu, basi Ijumaa nikampa mkono nikamwambia hongera. Uso ulimshuka yakhe! Kumbe kule kumpongeza mtu kabla ya siku ni nuksi, bora uchelewe wiki. Nami nlidhani mambo ya nuksi tunayo sie Wapemba peke yetu. Jengine, keki kazini analeta mwenye siku, mie nshanunua yangu, zikawa mbili. Nikatoa na halua alonipakia mama. Mzee mmoja akaigusa kwa kidole akauliza kama gundi, afu akala vipande vitatu.

paje_pwani
Mgeni wetu besdei yake iliangukia Ramadhani, na siku hiyo akasema anafunga na sie. Keki tumemkatia wakati wa futari, hakuitizama, kataka maji tu 😂

jangombe_tu
@mchanga_wa_wete na hiyo halua ilobaki iko wapi?

mchanga_wa_wete
Muulize yule mzee.