Nyie wauza adapta za pedi za gemu za zamani, plagi kuingia siyo kufanya kazi!

Wakuu heshima kwenu wote, leo nimekuja na hasira na naomba mniache niseme yote. Hii biashara ya adapta za kuunganisha pedi za gemu za zamani na kompyuta imejaa uongo, watu wanaliwa hela mchana kweupe, na ukizunguka madukani ni mchezo uleule: muuzaji anaangalia umbo la plagi basi. Ikiingia, imekubali. Toa hela, chukua mzigo, nenda.

Mimi ninazo pedi za ile tivii gemu ya kaseti tuliyokua nayo miaka ya 90, zile zilizoigiza Nintendo, wengi humu mmezicheza, kaseti ya njano imeandikwa ina gemu 9999999 ukiifungua gemu ni chache zinajirudia mpaka mwisho. Pedi ni nzima kabisa. Nimezifungua nikazisafisha, zile raba za chini ya batani zenye doa jeusi la kaboni bado zinagusa vizuri, waya haujakatika popote. Nilitaka nicheze nazo kwenye laptopu na mdogo wangu akija likizo, yaani pedi zilezile tulizogombania tukiwa wadogo, siyo za kufanana nazo.

Nikaingia duka moja Kariakoo, silitaji. Dogo wa dukani akanitolea adapta, boksi lina picha ya pedi ya Sega Mega Drive. Nikamuuliza kabisa, hii yangu siyo ya Sega, ni ya tivii gemu, itakubali kweli? Akachomeka pedi yangu kwenye adapta, adapta akaichomeka kwenye USB ya kompyuta ya dukani, kataa kekundu kakawaka. "Bosi si unaona taa imewaka, imeshasoma hiyo, ukifika nyumbani ni kucheza tu." Nikasema tujaribu gemu basi, akasema kompyuta ya dukani haina gemu. Nyumbani hakuna batani hata moja iliyosoma. Na hako kataa, wakuu, kanawashwa na umeme wa USB wenyewe, zile volti 5 (5V). Ukichomoa pedi kabisa ukaacha adapta peke yake bado kanawaka. Kwa hiyo kile alichonionyesha pale dukani kama ushahidi hakikuwa ushahidi wa kitu chochote.

Ngoja nieleze maana najua kuna watu humu wameshaliwa kwa mtindo huu na mpaka leo wanadhani pedi zao mbovu.

Plagi ya matundu 9 walitumia wengi. Atari waliitumia, Sega wakaitumia kwenye Mega Drive ya 1988, na viwanda vilivyokuwa vinatoa klone, yaani nakala, za Nintendo navyo vikaibeba. Umbo moja, ila ndani kila mtu kapanga nyaya zake anavyojua. Atari 5V iko pini ya 7. Mega Drive 5V iko pini ya 5, na hiyo ya 7 kwao ni waya wa kuchagua, konsoli (mashine ya gemu yenyewe) inaupandisha na kuushusha ili nyaya sita za data ziweze kubeba batani nane. Sasa pedi ya Nintendo (NES) na klone zake haina habari na hayo yote. Yenyewe inatuma batani moja moja kwenye waya mmoja tu wa data. Ndani ya pedi halisi kuna chipu inaitwa 4021, konsoli inatuma pigo moja kwenye waya wa lachi, chipu inashika hali ya batani zote nane kwa mpigo, halafu kila pigo la kloku linasukuma batani inayofuata: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Kwisha. Kwenye klone utakuta tone jeusi la gundi ngumu limefunika chipu lakini lugha ni hiyohiyo.

Pedi zangu nilizifuatilia kwa mita ya kupimia umeme kwenye tivii gemu yenyewe, umeme unaingia pini ya 6 na ardhi (ground) ni pini ya 8. Kwa hiyo kwenye ile adapta ya Sega umeme unakwenda pini ambayo kwa pedi yangu haina kazi, na pini yangu inayosubiri umeme imeunganishwa na waya wa kusomea batani. Haiwezi kufanya kazi leo wala mwakani. Siyo suala la draiva, siyo Windows, siyo setingi. Ni kuuza dawa kwa kuangalia rangi ya kidonge.

Nikarudi dukani na pedi na adapta. Mnajua nilijibiwaje? "Bosi hiyo pedi ya zamani sana, imeshakufa hiyo." Pedi ambayo jioni ileile nimeichomeka kwenye tivii gemu ikacheza bila kukosa batani hata moja! Hapo ndipo nilipochemka. Kuuziwa kitu kisichofaa naweza nikakuelewa, labda hukujua, lakini kuniambia mali yangu imekufa ili usinirudishie hela hiyo ni dharau na nimeikataa palepale.

Haya tuje kwa wenye pedi za PlayStation ya kwanza na ya pili maana najua mnasema adapta zake mbona zipo kila kona na zinafanya kazi. Zinafanya, ndiyo, lakini hebu mseme ukweli zinafanyaje. Ile adapta ya matundu mawili, ukiichomeka kompyuta inakutangazia Twin USB, wenye Linux mkipiga komandi ya lsusb mtaona namba yake ya utambulisho, 0810:0001. Fungua joy.cpl, kile kidirisha cha kujaribia pedi kwenye Windows, bonya pembetatu, inawaka namba 1. Duara namba 2, X namba 3, mraba namba 4. Gemu nyingi zinategemea batani ya kwanza ndiyo ya kukubali, kwa hiyo unajikuta unathibitisha kwa pembetatu na X inafanya mambo mengine kabisa. Zile mishale nazo, ukiwa hujawasha ile batani ya analogi zinatumwa kama ni mkono wa joistiki, mhimili mmoja kushoto na kulia, mwingine juu na chini. Mtu mwenye ule mkeka wa kudansi wa PlayStation ndiyo basi tena, akikanyaga kushoto na kulia kwa pamoja vinafutana, kompyuta inaona hajakanyaga kitu. Mkeka mzima umekuwa zulia, na muuzaji anajua anakuuzia adapta ya pedi, hakuulizi hata unaenda kuchomeka nini.

Na kuchelewa je? Hili watu wanaliita kulagi halafu wanailaumu laptopu. Kifaa cha USB cha ule mwendo wa chini kabisa, kanuni ya USB inaruhusu kompyuta ikiulize kama kuna batani imebonywa kila baada ya milisekunde 10, haiendi chini ya hapo. Kifaa cha mwendo unaofuata kinaweza kuulizwa kila milisekunde 1. Fremu moja, yaani picha moja, ya gemu la fremu 60 kwa sekunde ni kama milisekunde 16.7, sasa wewe umeshapoteza mpaka 10 kabla hata gemu haijajua umebonya, na hapo hujahesabu muda ambao adapta yenyewe inakaa ndiyo ikaisome pedi. Adapta yangu ya Twin ni ya mwendo wa chini, imeandikwa kwenye taarifa zake ukizifungua. Kwenye boksi wameandika "high speed" kwa herufi kubwa nyekundu. Sasa huo siyo uongo ni nini?

Halafu kuna hili ambalo linawaumiza wengi bila kujua. Mwaka 2005 Microsoft walileta Xbox 360 na njia mpya ya kompyuta kuongea na pedi, inaitwa XInput. Gemu nyingi za PC zilizokuja baadaye zinaangalia XInput tu, kitu kingine hazikioni. Adapta za bei rahisi zinaongea ile njia ya zamani, DirectInput. Kwa hiyo unafungua joy.cpl batani zote zinawaka, unafungua gemu, kimya. Mtu anarudi dukani anaambiwa "gemu yako ya wizi ndiyo maana". Hapana kaka! Gemu inatafuta pedi ya Xbox na adapta yako haijitambulishi hivyo. Ukipitishia kwenye Steam, lile duka la gemu za kompyuta, kuna sehemu ya setingi za pedi inakutafsiria, au unatumia x360ce, programu ya kuifanya pedi ionekane ya Xbox, na kwenye emuleta (programu ya kuigiza konsoli za zamani) kama RetroArch unapanga batani mwenyewe. Inawezekana kabisa kufika, ila kwa nini mnunuzi ndiye ayajue haya na muuzaji asijue? Yeye anakula faida ya nini?

NAONGEZEA: naona mmeanza kuniambia ninunue pedi mpya niachane na mabox ya zamani. Nawaheshimu lakini hapana. Kwanza hamjaelewa kitu kimoja, upande mgumu hapa siyo pedi. Pedi ya miaka ya 80 haina siri hata moja, nyaya tano tu unamaliza: umeme, ardhi, lachi, kloku, data. Ile ya Super Famicom (SNES) ya Nintendo ya 1990 ni lugha ileile, imeongezwa tu urefu, mapigo 16 badala ya 8, na manne ya mwisho hayana batani. Watu wameshaiandika hiyo miaka na miaka. Zamani kompyuta ikiwa na tundu la printa, lile refu la pini 25, mtu alikuwa anachomelea nyaya za pedi moja kwa moja na dayodi chache za kuvutia umeme, Linux ina draiva yake kabisa inaitwa gamecon, inasoma pedi za NES, za SNES, mpaka za PlayStation. Bila adapta ya mtu. Leo laptopu hazina tundu hilo, na kabla hamjakimbilia kununua ule waya wa USB kwenda printa nawaambia mapema haufai kwa kazi hii, ule unajua kuongea na printa tu, nyaya zake huwezi kuziendesha mojamoja. Nao nimeona unapigiwa debe kwenye magrupu ati unafaa kwa pedi. Msinunue.

Pili, mimi naupenda ule mkono. Zile mishale za pedi ya zamani zina mdundo wake, unajua umefika mwisho wa kubonya, kidole gumba kimeshazoea toka utotoni. Mtu akisema nitupe kitu kizima kinachofanya kazi kwa sababu yeye kashindwa kunipa nyaya tano za kukiunganisha, naona ananionea.

Njia ambayo kweli inafanya kazi kwa hizi za kaseti, kwa anayejua kuchomelea nyaya kwa risasi na mkono hautetemeki, ni bodi ndogo ya Arduino Leonardo au Pro Micro, zile zenye chipu ya ATmega32U4. Chipu hiyo inaongea USB yenyewe, kompyuta inaiona kama pedi moja kwa moja, na kuna programu za bure mtandaoni, DaemonBite mojawapo, zina za NES na SNES na za Mega Drive mpaka zile za batani sita. Unachomelea nyaya zako tano, unapakia programu, unacheza. Na hapo napo kuna wizi! Unaenda kuomba Leonardo unapewa UNO, "hii ni Arduino hiyohiyo bosi". Siyo hiyohiyo. UNO ya kawaida (R3) chipu yake kubwa ni ATmega328P, haiongei USB yenyewe, inapitia chipu nyingine pembeni, huwezi kuipakia programu hiyo ukacheza. Geuza bodi usome maandishi juu ya chipu kabla hujatoa hata shilingi, kama hayasomeki tumia tochi ya simu.

Sasa wauzaji mnaopita humu, na najua mpo wengi. Andikeni kwenye tangazo hii adapta ni ya KONSOLI gani, siyo ina plagi gani. Andikeni kompyuta inaiona kama DirectInput au XInput. Mkiulizwa mwendo wa USB mjibu kwa namba siyo kwa "ni faster". Na mteja akitaka kufungua joy.cpl hapohapo dukani abonye batani zote mpaka aridhike mwacheni abonye, haihitaji gemu wala intaneti, ipo kwenye kila Windows. Anayekataa kujaribu mbele ya mteja ana sababu yake.

Na wadau wenye klone, naombeni hili. Mpangilio wa pini nilioutaja ni wa pedi zangu, klone hazifanani zote na kuna nyingine plagi yake ni ya pini 15 kabisa. Chomeka kwenye tivii gemu yako, pima umeme na ardhi kwa mita, piga picha ya plagi na ya bodi ya ndani, weka hapa na jina lililoandikwa juu ya konsoli. Za kwangu naziweka usiku nikipata bando.