Feni ya prosesa isiyozidi elfu 80 kwa Ryzen 5 2600 niliyoipandisha spidi

Mpiga Video Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe, Ryzen 5 2600, ram gigabaiti 16. Naitumia nyumbani kuhariri video za harusi. Mwezi uliopita kijana mmoja alinionyesha jinsi ya kuovakloki, nikaipandisha mpaka gigahezi 4.0 kwa volti 1.40. Wiki mbili nilitamba sana.

Sasa joto la Tanga limeingia. Chumba changu juu ni bati tupu, siling bodi hakuna, saa nane mchana kipimajoto cha ukutani kinasoma 33. Nikianza kurenda, yaani kompyuta itoe video iliyokamilika, dakika kumi haziishi prosesa iko nyuzi 94, na feni inapiga kelele hadi mama anauliza kutoka uani nasaga nini. Jumamosi ikazima kabisa, video ya saa mbili imefika asilimia 81, na baba wa bibi harusi kakaa sebuleni, flashi yake mkononi. Nilimpa soda ya pili, halafu ya tatu.

Feni niliyonayo ni ile iliyokuja ndani ya boksi la prosesa, Wraith Stealth. Bajeti 80,000, ikibana sana 90,000 pamoja na nauli ya kifurushi kwenye basi kutoka Dar. Kuna jamaa hapa mtaani ana Cooler Master Hyper 212 iliyotumika, anataka 45,000, na anasema nikichelewa kuna mtu anaipitia kesho. Nichukue?

Baba Karim
Weka kipoozeo cha maji mkuu uachane na shida.

Mpiga Video Ngamiani
Mkuu, ya maji kwa 80,000 labda ndoo na kata.

Fundi Kesi Wazi
Usimpe hela huyo jamaa kwanza. Hyper 212 ni nzuri, bomba 4 za shaba, feni ya milimita 120, imewaokoa wengi. Lakini ina urefu wa karibu milimita 159 na kesi (kasha la kompyuta) nyingi za bei nafuu ni nyembamba. Ukishaifunga ndipo utagundua mfuniko wa ubavuni haurudi, na yeye hela yako kashainunulia vocha.

Pima hivi. Zima, chomoa waya, fungua ubavu. Stealth ina kimo cha milimita 54. Weka rula juu ya feni yake, pima mpaka pale mfuniko unapokaa, jumlisha 54. Hiyo ndiyo nafasi yako yote, na uache milimita mbili tatu za kupumua.

Jambo la pili. Stealth inafungwa kwa skrubu nne moja kwa moja kwenye bati lililo nyuma ya madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), kwa hiyo aliyeifunga alitoa zile braketi mbili nyeusi za plastiki. Unazo? Feni nyingi za bei nafuu zinang'ata braketi hizo kwa ndoana. Wengi walishazitupa pamoja na boksi.

La tatu, ambalo ni bure: shusha volti. 1.40 kwa prosesa hiyo ndani ya chumba cha nyuzi 33 ni kuitesa. Joto linalotokana na volti haliendi sawa kwa sawa, linakwenda kwa kipeo cha pili. Ukitoka 1.40 ukashuka 1.30 kwa spidi ileile umepunguza karibu asilimia 14 ya joto hilo kabla hujatoa shilingi. Jaribu 3.9 kwa 1.31, renda nusu saa, HWiNFO, programu ya kusoma joto, ikiwa wazi pembeni.

Mpiga Video Ngamiani
Nimepima. Rula inasoma 98, ukijumlisha ni 152. Kwa hiyo 212 haingii hata kwa dawa. Braketi sina, boksi lenyewe mdogo wangu alifugia vifaranga.

Volti nimeshusha 1.3125, spidi 3.9. Video ileile, saa ileile ya mchana: nyuzi 86. Haijazima. Kumbe kijana yule alinipa namba za kuonyeshea marafiki.

Nyali Kwa Nyali
Pole ndugu yangu. Mimi niko Mombasa, hali yetu moja. Mwaka jana nilifungua ubavu nikaelekeza feni ya mezani ndani, na kweli joto lilishuka kama nyuzi saba. Baada ya miezi mitatu, vumbi na unyevu wa bahari vilikuwa vimeshikana kwenye mapezi ya chuma ya kutolea joto mpaka nikayakwangua kwa mswaki. Usiige. Bora feni moja ya mbele ya kuvuta hewa na moja ya nyuma ya kutoa, kisha ufunge kesi. Hakuna feni itakayoshusha prosesa chini ya joto la chumba, kwa hiyo hao wanaoleta picha za nyuzi 50 uwaulize kwanza wako wapi.

Fundi Kesi Wazi
Kwa 152 tafuta Thermalright Assassin X 120 SE. Kimo 148, bomba 4, feni ya 120, na inakaa kwenye bati la nyuma la madabodi kwa nguzo zake yenyewe, braketi huhitaji. ID-Cooling SE-214-XT nayo ina 150, inaingia kwa kubana. Chukua itakayopatikana kwa bei yako, tofauti yao usikeshe nayo.

Sasa nisikilize kwenye kutoa ya zamani, maana hapa ndipo nilipolia. Themopesti, ile pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni, ikikauka inakuwa gundi. Soketi ya AM4 inashika pini za prosesa kwa kubana tu, haina kifuniko cha chuma juu yake. Mwaka fulani nilivuta Stealth ya mteja ikiwa baridi, ikatoka na prosesa imeng'ang'ania chini yake, pini mbili zimelala. Nilizinyoosha kwa ncha ya penseli ya kubofya, taa ya simu mdomoni, mteja kanisimamia. Wewe renda dakika kumi kwanza ipate moto, zima, chomoa, fungua skrubu kwa kupishana kona, kisha zungusha kushoto kulia taratibu mpaka ilegee. Usivute juu. Na mtu akushikie bati la nyuma, skrubu zikitoka linaanguka.

Futa pesti ya zamani kwa spiriti. Mpya weka tone la punje ya mbaazi. Chini ya feni mpya kuna nailoni, itoe. Nacheka lakini nimeshaikuta zaidi ya mara moja.

Mpiga Video Ngamiani
Mrejesho. Ilipatikana Kariakoo, Assassin X, 74,000, na basi 5,000. Imefika jana asubuhi. Nimefanya kama ulivyosema, nimeipasha moto, nimezungusha, imeachia kwa sauti ya "tk" ndogo iliyonitoa jasho. Mdogo wangu alishika bati la nyuma huku anatazama simu.

Volti ileile 1.3125, chumba 32, video ya saa mbili kurenda mpaka mwisho: 73, ikipanda sana 75. Mfuniko umefunga. Mara ya kwanza niliiweka feni ikipuliza kuelekea mbele ya kesi, ikasoma 79, nikaigeuza ipulize kuelekea nyuma.

Sijarudi 4.0. Nilijaribu usiku mmoja, nikaokoa dakika moja na sekunde kadhaa kwenye video nzima, nikaona upuuzi.

Baba Karim
Hiyo Stealth unaiuza?

Mpiga Video Ngamiani
Elfu 10, Baba Karim. Maji unaongeza mwenyewe.