Naomba ushauri: fizikia ya chembe nianzie wapi?

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Nipo kidato cha tatu, naishi Mbagala. Darasani tumeishia kwenye protoni, nyutroni na elektroni. Juzi nikasoma kwamba protoni nayo ina vitu ndani: chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki, mbili za aina ya "juu" na moja ya aina ya "chini", chaji zake 2/3, 2/3 na -1/3. Nikajumlisha nyuma ya daftari, ikatoka 1 kamili! Usingizi ukaruka.

Mwalimu kaniambia haipo kwenye mtihani. Sawa, lakini ndani ya protoni ipo.

Tatizo ni hesabu. Vitabu nilivyopakua vimejaa alama nisizozijua, na bando nalo linakata. Nimalize kwanza kalkulasi na vekta, au naweza kuonja fizikia ya kwanta (ile ya vitu vidogo kabisa) kidogo kidogo?

Halafu nataka kutengeneza kile chombo cha ukungu kinachoonyesha njia za muoni, zile chembe zinazoshuka toka juu angani na kupenya kiganja karibu kila sekunde. Spiriti ya isopropili na barafu kavu (ile ya kaboni dioksidi, siyo ya maji) hapa Dar vinapatikana wapi? Kariakoo nimezunguka nusu siku, wananionyesha barafu za kuwekea samaki. Mama naye ameshauliza nataka kulipua nini.