Mwalimu wa praiveti kamwita mwanangu kilaza mbele ya darasa: niende kwa mwalimu mkuu au kwa mwenye shule?

Baba Twalib
Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, na matusi kidogo kama ni lazima. Kijana wangu yuko la tano, inglish midiamu moja huku Kinyerezi, jina la shule sitaji. Wiki iliyopita mwalimu wa hesabu anarudisha madaftari, la kwake kaliinua juu darasa zima lione, akasema "huyu ndiye kilaza wetu wa mwaka". Watoto mnawajua, tangu siku hiyo hakuna anayemwita jina lake, mpaka kwenye skulbasi ni Kilaza shuka, Kilaza sogea, na matroni wa basi naye anacheka. Fimbo sijalalamikia, kachapwa sana tu na mimi nilichapwa, ila hili limeniuma. Nimemwambia mwalimu wa darasa, akanijibu "nitalifikisha baba", mpaka leo kimya. Mimi nataka niende moja kwa moja kwa mkurugenzi maana ndiye anayekula ada yangu. Mama yake anasema nikifika huko mtoto ataandamwa mpaka amalize la saba. Mzazi mwingine kanishauri nitupie kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Nyie mngefanyaje? Mzazi anayelipa ada ana haki ya kumkalia mwalimu kooni au kuna utaratibu?

Dada Mkoko
Mkurugenzi tena leo leo. Mwalimu mkuu wa praiveti ni picha tu ya ukutani, hana anachoamua, hata chaki zikiisha anampigia simu boss. Mimi niliwahi kuhangaika na hawa hedi wiki nzima kuhusu chakula cha watoto, njoo kesho njoo kesho, siku nilipompigia mwenye shule na kumwambia nahamisha wanangu wote wawili, jioni wali ulibadilika. Pesa yako ndiyo inamlipa huyo mwalimu, asikutishe.

Chaki Nyeupe
@Dada Mkoko hapo kwenye "pesa yako ndiyo inamlipa huyo mwalimu" naomba unisamehe lakini hunilipi. Unamlipa mwenye shule. Mimi nafundisha praiveti, mshahara wa mwezi juzi nimeupata mwezi huu katikati, NSSF nikiangalia michango kuna miezi haipo kabisa, na wewe ada ulilipa Januari. Kwa hiyo hiyo pesa ilipita wapi kabla ya kunifikia? Wazazi mnatuongelea kama hausigeli. Unapigiwa simu saa nne usiku, "ticha mbona homuweki haikusahihishwa", mtoto wangu mwenyewe kalala sijamuona.

Dada Mkoko
Na hausigeli kakukosea nini? Umeona sasa, mwenyewe unalia kudharauliwa na hapohapo unadharau wengine. Ndio nyie nyie.

Kisiki cha Mpingo
Mimi sioni kosa la mwalimu. Kilaza ni neno la kawaida, Rais Magufuli mwenyewe alilitumia kwa wale wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, waliotimuliwa, na nchi haikuanguka. Watoto wa siku hizi wamekuwa mayai. Kama mtoto ni kilaza aambiwe mapema ajirekebishe, au mnataka aambiwe na NECTA?

Mkeka wa Ukili
Wale wa UDOM mbona walistahili, watu wa divisheni four wanaenda chuo kikuu. Ilikuwa 2015 ile kama sikosei, JPM alivyoingia tu akawatimua.

Kibatari
2016 wewe, mwezi wa tano mwishoni. Na hawakuwa wanasoma digrii, ilikuwa stashahada maalum ya ualimu wa sayansi na hisabati, mpango uliletwa wakati wa Kikwete kwa sababu sekondari hazikuwa na walimu wa hayo masomo. Watu zaidi ya elfu saba.

Korongo
Nilikuwa nasoma tu huu uzi kimyakimya lakini mmenigusa. Mimi ni mmoja wa hao elfu saba. @Mkeka wa Ukili divisheni four unayosema umeitoa wapi? Unajua kilichotuondoa chuoni? Wahadhiri waligoma kwa sababu ya madai yao ya malipo, vipindi vikasimama, badala ya kumaliza mgogoro wa wahadhiri wakaona rahisi kutuondoa sisi. Usiku ule watu wamekaa na mabegi stendi ya Dodoma, wasichana wa miaka kumi na nane nauli ya kwenda Kigoma hawana. Siku chache baadaye tunasikia kwenye taarifa ya habari sisi ni vilaza. Mama yangu alikuwa amekaa na majirani anaangalia TV. Nikaja kupangiwa chuo cha ualimu, nikamaliza, na leo nafundisha fizikia na hesabu. Kwa hiyo @Kisiki unaposema neno la kawaida, la kawaida kwako.

Kisiki cha Mpingo
Pole lakini Rais alikuwa anazungumzia sifa, hakukutaja wewe. Na unaona hata wewe lilikusaidia, ukakaza ukamaliza. Hesabu ulipata ngapi kidato cha nne?

Korongo
Halikunisaidia kitu, nilimaliza kwa sababu nilikuwa nataka kumaliza. Na swali lako sikujibu, huna ajira ya kunipa.

Kisiki cha Mpingo
Basi tumeshajua.

Mwamba wa Mwanza
Hahaha Kisiki una roho mbaya. Ila tuseme kweli, Magu alisafisha. Vyeti feki 2017 watumishi 9,932, orodha alikabidhiwa hapohapo UDOM. Bila yule mzee mngekuwa mnatibiwa na kufundishwa na wauza mitumba.

Nyamisati
Vyeti feki vinahusiana nini na mtoto wa Kinyerezi jamani, na hao 9,932 walikuwa watumishi wa umma, praiveti nani alienda kukagua? Mwalimu wa mwanangu wa inglishi anaandika "I have went" kwenye dayari, nikamuuliza hedi cheti chake mmekiona, akaniangalia kama nimemtukana.

Mwamba wa Mwanza
Nyamisati na wewe ungeanza na Kiswahili chako maana "I have went" ndio umeiona tu ila wewe mwenyewe hapo umeunganisha sentensi tatu bila nukta.

Bi Sauda
Wanangu, nimefundisha serikalini mpaka nikastaafu, nisikilizeni kidogo. Utaratibu upo. Umeanza kwa mwalimu wa darasa, umefanya vizuri. Sasa unaenda kwa mwalimu mkuu, na usiende na mdomo mtupu, nenda na barua. Andika tarehe, somo, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na unachotaka kifanyike, nakala wakugongee muhuri wa kupokea ubaki nayo. Akikaa kimya, nenda kwa kamati au bodi ya shule, na huyo mwenye shule umpe nakala. Ikishindikana kuna ofisi ya uthibiti ubora ya wilaya, wale ambao sisi tulikuwa tunawaita wakaguzi, shule zisizo za serikali nazo wanaziingia. Na hizo fimbo unazosema hulalamikii mwanangu, kanuni ya 2002 inasema zisizidi nne, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kila ticha kutembea na fimbo yake kwapani haijaandikwa popote.

Kibatari
Shikamoo bibi. Kitabu cha fimbo? Mimi nimesoma mpaka fomu siksi sijawahi kuona mwalimu anachapa halafu anatafuta peni. Angeandika angemaliza kaunta buku kwa wiki.

Bi Sauda
Marahaba. Hujakiona kwa sababu hawakukifuata, si kwamba hakipo.

Mzee wa Kigogo
Sisi tumechapwa na tumekuwa watu.

Nyamisati
Na yule mwanafunzi wa Bukoba 2018 alikuwa mtu wa nini? Darasa la tano vilevile, katuhumiwa pochi ya mwalimu, kapigwa mpaka akafa, na mwalimu Mahakama Kuu ikamhukumu kunyongwa 2019. Nimechoka na hii "tumekuwa watu". Waliokufa hawaingii humu kuandika.

Mzee wa Kigogo
Ile ilikuwa ni kupiga sio kuchapa, tofautisha.

Mwana Likoni
Hamjambo majirani. Huku kwetu Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, halafu mwalimu awe wa serikali awe wa praiveti ni lazima asajiliwe na TSC, tume yetu ya walimu, akifanya upuzi unamshtaki hukohuko, anaweza kutolewa kwenye rejista asifundishe tena mahali popote. Nyinyi mzazi anauliza aende kwa mwenye shule, ni kama shule ni duka la mtu.

Mzee wa Kigogo
Na bado mnachapa, shemeji yangu anaishi Voi, watoto wanarudi na alama. Acheni kutufundisha.

Mwana Likoni
Sikusema hakuna anayechapa mzee wangu, nimesema kuna pa kushtaki. Soma polepole.

Mwamba wa Mwanza
Hawa jamaa kila uzi lazima waje na "huku kwetu". Mna sheria nzuri, haya tumesikia, unga shilingi ngapi?

Chaki Nyeupe
Huyo Mkenya kagusa penyewe mnamfukuza kwa unga. TSC yetu, Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa 2015, ni ya walimu walioko kwenye utumishi wa umma. Sisi wa praiveti mwajiri wetu ni mwenye shule basi. Kuna Bodi ya Kitaaluma ya Walimu, sheria yake ni ya 2018, hiyo inatakiwa itusajili wote, lakini tafuta mzazi mmoja humu aliyewahi hata kuisikia. Matokeo yake ni nini? Mzazi akienda kwa mwenye shule, inategemea huyo mzazi ana watoto wangapi pale na analipa kwa wakati au anadaiwa. Mzazi mkubwa, mwalimu anafukuzwa hata hajaulizwa. Mzazi anayedaiwa, anaambiwa "tutalifanyia kazi", na mtoto wake anajua joto ya jiwe.

Shule niliyokuwepo kabla ya hii, mzazi alitupia kwenye grupu picha ya daftari, mwalimu kaandika "mvivu" kwa wino mwekundu. Haikufika saa mbili skrinshoti iko kwa mwenye shule. Mwalimu kapigiwa simu yuko kwenye daladala, asije kesho. Hakuandika hata barua ya kujieleza. Darasa likakaa bila mwalimu wa sayansi mpaka muhula ukaisha, tukawa tunapokezana mimi na wa jiografia, na wazazi walewale wakaanza kulalamika mbona sayansi wameshuka. Yule mwalimu alikuja kuambiwa na watu kuhusu CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, muda umeshapita, ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kupeleka shauri la kupinga. Alikuwa amekosea? Ndiyo. Lakini alistahili kuitwa akaulizwa.

Dada Mkoko
Kwa hiyo unamtetea.

Chaki Nyeupe
Umesoma mstari wa mwisho tu au?

Dada Mkoko
Nimesoma yote, na nimeona hujasema mtoto aliyeandikiwa mvivu alijisikiaje. Walimu mkikusanyika mnazungumzia mishahara yenu tu.

Korongo
Dada hapo nakuunga mkono nusu. Mimi ni mwalimu na nasema huyo wa Kinyerezi aombe radhi mbele ya darasa lilelile alilolisemea. Sio ofisini kwa hedi mlango umefungwa, darasani. Kumfukuza hakumfutii mtoto lile jina, watoto watasema Kilaza kamfukuzisha ticha, ndio itakuwa balaa zaidi.

Kisiki cha Mpingo
Mwalimu akiomba radhi mbele ya wanafunzi kesho nani atamsikiliza?

Korongo
Mimi nimeshawahi kuomba na wananisikiliza. Ila wewe ulishazoea heshima ya woga.

Kisiki cha Mpingo
Uliomba kwa sababu ulikosea hesabu ubaoni au? 😂

Mkeka wa Ukili
Jamani mimi nilisema divisheni four kwa kusikia tu, mbona Korongo kakasirika hivyo. Kama hakuwa four aseme alikuwa ngapi.

Bi Sauda
Muacheni kijana. Mnafanya kilekile alichofanya huyo mwalimu, tena nyie ni watu wazima.

Baba Twalib
Nimerudi wakuu, nimesoma yote, nusu nzima mmeniacha mkaenda Dodoma. Bi Sauda nimefuata ushauri wako, barua nimepeleka asubuhi, mwalimu mkuu kaisoma mbele yangu akaniuliza "sasa baba na barua tena, si ungenipigia tu". Nikamwambia niandikie umepokea. Akasita, akatafuta muhuri droo mbili, mwisho akagonga. Kaniita Alhamisi nije na mama yake, mwalimu mwenyewe atakuwepo. Kwa mkurugenzi bado sijaenda, kwenye grupu sijatupia kitu. Hilo la kuomba radhi darasani la Korongo nitalisema Alhamisi, sijui watalipokeaje. Mama Twalib anauliza, mtoto awepo kwenye kikao au asiwepo?

Nyamisati
Asiwepo. Atakaa anamwangalia mwalimu wake usoni atasema hakuna kilichotokea.

Chaki Nyeupe
Asiwepo mwanzo. Aitwe baadaye kama mwalimu amekubali. Na kaka nakuomba kimoja, muulize huyo mwalimu ana darasa la watoto wangapi na vipindi vingapi kwa wiki. Sio kumtetea. Muulize hedi akiwa palepale anasikia.

Dada Mkoko
Sio kumtetea lakini 😂😂

Mwamba wa Mwanza
Bado nasubiri Mkenya aseme bei ya unga.

Mama Kifuru
Samahani sijasoma kurasa zote. Baba Twalib hiyo shule ada yao kwa la tatu ni shilingi ngapi, na basi lao linafika Mbezi Mwisho?