"Keki ikija, mwanao ataenda maktaba": yaani anayetolewa darasani ni mtoto, siyo karanga!

Wakuu habari zenu. Leo nina povu na litakuwa refu, mwenye haraka apite.

Binti yangu ana miaka 7. Ana aleji ya karanga na ya mayai. Nikisema aleji simaanishi kwamba hapendi, wala kwamba akila tumbo linamsumbua kidogo. Namaanisha koo linavimba. Karatasi ya daktari iko shuleni tangu siku ya kwanza, picha yake imebandikwa ukutani ofisi ya walimu, na kalamu mbili za adrenalini za mg 0.15 (sindano za dharura za kuokoa koo lisifunge) niliwakabidhi kwa mkono wangu, nikawaonyesha na namna ya kuchoma. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia shule haikujua.

Muhula uliopita mtoto mmoja darasani kwao alikuwa na bethidei. Ikaletwa keki kubwa, juu krimu, na juu ya krimu karanga zilizopondwapondwa. Mwalimu akaona binti yangu amekaa mikono mitupu wenzake wanakula. Huyu mwalimu ana roho nzuri, nalisema wazi, na hapo ndipo panapouma. Akakata kipande, akaanza kubandua karanga moja moja kwa kucha, akazipanga ukingoni mwa sahani, akamsogezea: "Haya mama, hiki chako hakina kitu." Mtoto akasema baba amekataza. "Onja kidogo tu, nimezitoa zote."

Nimezitoa zote!

Karanga siyo vumbi la mezani kwamba ukipangusa limekwisha. Inayomdhuru mtoto ni protini, na ile chenga ikishalala kwenye krimu, protini imeshabaki humo hata uitoe kwa koleo la fundi saa. Punje moja ya karanga ina protini kama miligramu 250 hivi, na kuna watoto wanaozidiwa kwa miligramu chache tu. Kuoka au kukaanga hakusaidii pia, moto hauimalizi nguvu. Halafu, wakuu, keki yenyewe ilikuwa na mayai! Aleji ya pili hata haikukumbukwa. Najua kuna watoto wengi wa aleji ya mayai wanaovumilia yai lililookwa ndani ya keki, lakini hilo hupimwa na daktari, akiwa na dawa karibu. Halipimwi na mwalimu katikati ya watoto 33 wanaoimba.

Dakika kumi hazikufika. Midomo ikaanza kuvimba, mabaka shingoni, kikohozi kikavu kisichokata. Wakampa maji. Kisha wakampa dawa ya aleji ya kunywa, ile ya kutuliza muwasho. Ile dawa itapunguza mabaka, sawa, lakini koo linalofunga hailiwezi, hiyo ni kazi ya adrenalini, na hutangulia yenyewe kabla ya kitu kingine chochote. Kalamu ziko wapi? Kwenye droo ya mkuu wa shule. Droo imefungwa. Ufunguo uko mfukoni mwa mkuu, na mkuu yuko kikaoni nje ya shule.

Ndipo wakanipigia. Bahati yangu nilikuwa karibu na huwa natembea na kalamu ya akiba kwenye begi. Nilimkuta wamemsimamisha dirishani "apate hewa", jambo ambalo nalo ni kosa, mtoto aliye kwenye hali ile halazimishwi kusimama. Nikamkalisha, nikamchoma pajani kwa nje, juu ya sketi ya shule humohumo. Tukaenda hospitali, tukawekwa hadi usiku, kwa sababu hali inaweza kutulia halafu ikarudi baada ya saa kadhaa. Yuko mzima, msinipe pole. Sikufungua uzi kwa ajili ya hilo.

Uzi nimeufungua kwa ajili ya barua niliyoletewa na shule hivi karibuni. Kwa ufupi inasema: kwa usalama wake, siku za sherehe za kuzaliwa binti yangu atakuwa anapelekwa maktaba mpaka wenzake wamalize kula. Imepigwa mhuri kabisa.

Darasa lina watoto 34. Mwezi huu peke yake bethidei ni tatu. Yaani mara tatu ndani ya mwezi mmoja mtoto wa miaka 7 atanyanyuliwa mbele ya wenzake, apite katikati ya madawati, aende akakae na vitabu asikilize wimbo kupitia ukutani. Kosa lake ni lipi? Alikataa ile keki! Alisema baba amekataza. Katika chumba kile yeye ndiye pekee aliyefuata maelekezo, na yeye ndiye anayehamishwa.

Na hata ukiuweka uchungu kando, mpango wenyewe haufanyi kazi. Akirudi kutoka maktaba anakalia dawati lile lile, penye alama za vidole vya krimu. Nimeuliza wenzake wananawa? Jibu: "Tunawapaka jeli ya mikono, baba." Jeli inaua vijidudu. Protini ya karanga siyo kijidudu, haifi, inasambazwa tu kiganja kizima. Sabuni na maji ndiyo inayoitoa, na meza ifutwe kwa maji ya sabuni. Nimelisema hili mara mbili, mara zote nimeangaliwa kama naagiza mtambo wa maabara.

Subirini, bado.

Bethidei ya binti yangu mwenyewe ilikuwa Ijumaa iliyopita. Jikoni kwetu mpishi wa keki ni mimi baba, anayetaka kucheka acheke. Nina keki yangu isiyo na mayai, maziwa wala karanga: unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja, kakao vijiko vitatu vikubwa, bekingi soda kijiko kimoja kidogo, chumvi nusu kijiko kidogo. Unaongeza mafuta vijiko vitano vikubwa, siki kijiko kimoja kikubwa, maji kikombe kimoja. Siki ikikutana na soda inatoa mapovu, na mapovu hayo ndiyo yanayoinua keki badala ya mayai. Unakoroga haraka, unaingiza kwenye oveni moto kabla hayajaisha. Inatoka nyeusi, laini, mtoto haulizi yai liko wapi. (Mwenye mtoto wa aleji ya ngano, hii haimfai. Na tafadhali usikimbilie unga wa lozi ukadhani umeokoa, umemhamishia hatari mtoto mwingine.)

Nilioka vikeki 34 vya vikombe. Nikakagua lebo ya kila pakiti, mpaka ile ya kakao, nikitafuta yale maandishi madogo ya "huenda ina chembechembe za karanga". Nikaandika viambato vyote kwenye karatasi nikaibandika juu ya kifuniko cha kontena. Asubuhi tukafika mlangoni. Mwalimu wa zamu akasoma karatasi, akafunika, akanirudishia kontena: "Samahani baba, vya kupikwa nyumbani haturuhusu. Hatuwezi kujua kilichomo."

Nilisimama pale nikakosa hata pa kuanzia. Ile keki ya karanga ilikubaliwa kwa sababu ilitoka dukani kwenye boksi zuri, boksi lisilo na neno hata moja la viambato. Yangu yenye orodha ya kila kijiko ndiyo haijulikani. Binti yangu amesimama pembeni, kashika mkono wa begi, ananiangalia mimi na kontena. Tukarudi nalo kwenye gari, akaniuliza: "Kwa hiyo na mimi leo naenda maktaba?"

Kwenye grupu la wazazi ndiyo usiseme. Mmoja: "Enzi zetu hizi aleji hazikuwepo." Zilikuwepo, mtoto alikufa ikasemwa amepaliwa. Mwingine: "Tusiwanyime watoto wetu furaha kwa ajili ya mtoto mmoja." Nani kawanyima? Sijaomba keki zipigwe marufuku. Nimeomba nijulishwe siku mbili kabla, kitakacholetwa kiwe na lebo inayosomeka, na kalamu zikae mahali pasipo kufuli ambapo kila mwalimu anapajua. Wakiona keki ina usumbufu, basi mwenye bethidei agawe stika au penseli, au achague mchezo darasa zima licheze. Mtoto wa miaka 7 anakumbuka alivyovishwa taji la karatasi, hakumbuki krimu.

Kikao na mkuu wa shule ni Jumatano. Naomba waliowahi kupambana na shule kwenye jambo hili waniambie: mliandika barua kwa nani aliye juu ya mkuu, na mliambatanisha nini? Daktari amekubali kuniandikia nyingine, nataka kujua iseme nini hasa kuhusu hii habari ya maktaba.

Wale wa "enzi zetu" piteni kimya kimya, leo sina breki.