Sato kwenye bwawa la udongo au kambare kwenye tangi la turubai?

Kidimbwi (mleta mada):
Habari zenu wakuu. Wiki ijayo naanza rasmi ufugaji wa samaki na bado sijaamua. Nimebakiwa na njia mbili: nichimbe bwawa la udongo nifuge sato, au nifunge matangi ya turubai nifuge kambare. Nataka ufugaji utakaodumu miaka mingi bila kuharibu maji wala ardhi. Wenye uzoefu, mnanishauri lipi?

MzeeMapezi:
Ndugu, umeuliza dawa bila kutaja ugonjwa. Maji unayatoa wapi, kisima au mto? Udongo wako unashika maji? Umeme upo? Usiku kunakuwa na baridi kiasi gani? Maji machafu utayamwagia wapi? Usipoyajibu hayo, kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

DadaKambare:
Mimi nasema kambare. Ana kiungo cha ziada karibu na matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Oksijeni ikipungua majini, anapanda, anavuta, anarudi chini. Sato hana hicho kitu. Kwenye tangi dogo lenye samaki wengi, hiyo ndiyo inayoamua nani ataamka hai. Sharti lake ni moja: wachambue kwa ukubwa mara kwa mara, maana mkubwa humla mdogo bila huruma.

Majitulivu:
Dada, kambare wa tangini anategemea chakula cha kununua toka siku ya kwanza hadi unamvua. Na chakula ndicho kinachomeza nusu ya gharama ya ufugaji au zaidi. Sato anakula mwani, vile vimea vidogo vinavyoelea majini. Weka samadi kwa kiasi, maji yawe ya kijani, tayari sehemu ya mlo wake umeipata bure. Kipimo changu ni mkono: nauzamisha taratibu hadi kwenye kiwiko. Vidole vikipotea mapema, ukijani umezidi, nasimamisha samadi.

Alfajiri:
Hapo kwenye ukijani naomba nisimulie, maana ndipo nilipoumia.

Bwawa langu la kwanza lilikuwa la sato. Niliambiwa samaki wawili au watatu kwa mita ya mraba wanatosha kama huna mashine ya hewa. Nikaweka sita. Miezi minne mambo yalikwenda vizuri na maji yakawa kijani kizito, nikawa naona fahari. Kisha likaja wingu la siku tatu mfululizo. Siku ya nne nilifika bwawani kabla jua halijachomoza, nikakuta samaki wamejaa juu, midomo wazi, wote wanachapa maji. Nikadhani wana njaa. Nikawamwagia ndoo nzima ya chakula.

Hawakugusa hata punje. Kumbe walikuwa wanatafuta hewa. Mwani unatoa oksijeni mchana kwenye jua, usiku unaitumia kama samaki wenyewe, kwa hiyo alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Na kile chakula nilichomwaga kikaanza kuoza na kula oksijeni iliyobaki. Kufika saa nne asubuhi walikuwa wanaelea ubavu. Nilitoa samaki kwa karai hadi jioni, nikachimba shimo nikawazika na chokaa. Siku hizi wingu likishinda siku mbili, silishi, na naingiza maji mapya yakidondokea kutoka juu ili yashike hewa.

Majitulivu:
Pole sana ndugu. Ila kosa hapo ni idadi ya samaki. Ukijani umeonewa.

Alfajiri:
Vyote viwili, kaka. Nilivizika kwa mkono wangu.

Matamvua:
Mbona hakuna aliyegusia kuzaliana? Sato anaanza kuzaa ndani ya miezi michache, bwawa linajaa vitoto, wote wanadumaa. Chukua vifaranga madume matupu.

DadaKambare:
Madume hayo mengi hupatikana kwa kulisha vifaranga homoni wiki tatu au nne za mwanzo. Mimi siipendi njia hiyo.

Matamvua:
Dada, homoni inatolewa kifaranga akiwa mdogo kuliko kidole, na huliwa miezi mingi baadaye. Wasiwasi wangu mimi uko kwa maji yanayotoka kwenye vitotoleshi, kule vifaranga wanakolishwa hiyo homoni.

MzeeMapezi:
Kuna njia ya tatu. Weka sato, wakishakua kidogo ongeza kambare wachache walio wadogo kuliko wao. Kambare watapunguza vitoto. Lakini weka chujio kwenye bomba la kutolea maji. Sato aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na ni miongoni mwa sababu za ngege, ndugu yake wa asili ya ziwa hilo, kupungua vibaya. Asiyekuwa wa mto wako asiingie mto wako.

Majitulivu:
Na tukisema uendelevu, tuseme pia chakula cha dagaa. Tunavua samaki wadogo ziwani ili tulishe samaki wa bwawani. Mimi nimehamia funza wa nzi na mashudu.

DadaKambare:
Funza wanafaa, ila kambare anataka protini nyingi kuliko sato. Mashudu peke yake yatamdumaza.

Kidimbwi:
Asanteni wote, samahani kwa kuchelewa. Maji ni ya kisima. Umeme unakatika mara kwa mara. Asubuhi maji yanasoma digrii 19. Jana jioni nilichimba shimo la kiuno nikalijaza maji, leo asubuhi limebaki nusu.

MzeeMapezi:
Hiyo ni ardhi ya mchanga, bwawa la udongo litakunyonya kila siku. Na sato anapenda digrii 25 hadi 30. Chini ya 20 hamu ya kula inashuka sana.

Majitulivu:
Ataleta udongo wa mfinyanzi aushindilie. Inawezekana, nimefanya.

DadaKambare:
Baridi hiyo hata kambare atakua polepole. Lakini umeme ukikatika usiku, yeye ataamka.

Alfajiri:
Kidimbwi, kabla ya lolote: ukichota maji ya hicho kisima ukayaacha kwenye ndoo nyeupe usiku kucha, yanabadilika rangi?

Kidimbwi:
Ndiyo, yanaacha vumbi la kahawia chini, kama kutu.

Alfajiri:
Hiyo ni chuma, inaganda kwenye matamvua. Utahitaji tangi la kuyapumzisha kwanza, uyapitishe kwenye kokoto yapate hewa. Una nafasi ya tangi la pili?