Faili linasema "hatumii", mgonjwa anasema alijidunga: niandike lipi?

BintiTakwimu:
Habari za jioni wanajukwaa. Niko Dar, nakusanya takwimu za tasnifu kwenye kliniki ya methadoni, ile dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini. Napitia mafaili ya watu waliowahi kujidunga heroini, nione nani alipimwa VVU na homa ya ini C, na kama alianza dawa, alianza lini.

Leo nimekwama. Kuna mama mmoja, karatasi za hospitali alikolazwa kwa ajili ya jipu zimeandikwa "hatumii dawa za kulevya". Mwenyewe kanionyesha makovu ya sindano kwenye kinena na kanitajia mwaka aliojidunga mara ya kwanza. Tena kwenye faili lilelile ana umri wa miaka 31 ukurasa mmoja na 38 ukurasa wa pili. Msimamizi wangu anasema nifuate kilichoandikwa kwa kuwa ndiyo kumbukumbu rasmi. Roho haitulii. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Mwelimishaji Rika:
Mdogo wangu, nashukuru umeuliza kabla hujaandika. Mimi nilijidunga miaka tisa. Tangu methadoni ianze Muhimbili mwaka 2011 nimewaona wengi wakiingia, na baadaye nami nikaingia. Sasa nazunguka maskani kuwaita wenzangu. Huo uongo unaokusumbua, mimi pia niliuacha kwenye makabati ya hospitali.

Nilikwenda na jipu la mkono, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, imeshanianza. Nesi aliniuliza pale pale kwenye foleni, kwa sauti, "unatumia madawa?" Benchi la nyuma alikaa askari na mtuhumiwa wake. Nikajibu nimechomwa na msumari. Akaandika msumari. Jina nilitoa la kaka yangu, maana langu lilikuwa linajulikana kituoni.

Sasa sikia lilikofika jina hilo. Nikaanza dozi ya TB kwa jina la kaka. Miezi michache mbele nikajiunga na methadoni kwa jina langu halisi, wakauliza habari za TB, nikaogopa kuumbuka, nikasema sina. Kila siku nakunywa dozi yangu mbele ya mfamasia, lakini alfajiri naamka natetemeka, pua inatiririka, tumbo linakata. Wakadhani nimerudia kete. Kwenye faili wakaandika "anaendelea kutumia". Sikuwa nimegusa kitu, wallahi.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa zamu aliyeniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: mkojo wako una rangi gani? Nikamwambia wa machungwa. Akajua papo hapo kuwa nakunywa rifampisini, dawa ya TB. Dawa hiyo hulifanya ini liiyeyushe methadoni haraka, kwa hiyo dozi inayomtosha mwenzako wewe haikufikishi kesho. Daktari akapandisha dozi taratibu, nikapata usingizi.

Yale maneno "anaendelea kutumia" yapo hadi leo. Mwanafunzi mwingine akifungua faili langu atanihesabu kuwa nilirudia. Kwa hiyo andika yote mawili, la faili na la mtu, na uandike nani aliuliza na mbele ya nani. Na pale palipoachwa wazi usijaze "hapana". Mara nyingi hakuna aliyeuliza.

Karani wa Masjala:
Naunga mkono, na naongeza mawili. Kama unatumia misimbo ya magonjwa, ule wa F11 unakwambia mtu ana tatizo la opioidi, yaani heroini na jamii yake, haukwambii anaitumiaje. Ukiutegemea peke yake utawachanganya waliojidunga na wavuta kokteli, sigara ya heroini iliyochanganywa na bangi.

La pili, homa ya ini C. Ukikuta "chanya" tu, tafuta ni kipimo gani. Cha kingamwili hubaki chanya hata kwa mtu aliyepona, kinachoonyesha maambukizi ya sasa ni kile cha kirusi chenyewe. Kama karatasi ya maabara haipo, usimwandike kuwa anaumwa.

BintiTakwimu:
Kaka, nimesoma mara tatu. Nimeongeza safu kwenye fomu yangu: faili linasema nini, mhusika anasema nini, na safu ya "hakuulizwa". Msimamizi nitakwenda kuongea naye Jumatatu, na hilo la rangi ya mkojo nitamsimulia. Yule mama je, nimwombe nesi amrekebishie faili?

Mwelimishaji Rika:
Muulize mwenyewe kwanza. Faili litasomwa na wengine siku ambayo wewe haupo.

BintiTakwimu:
Nimemuuliza leo asubuhi. Amesema kwenye daftari langu lisilo na jina niandike yote, hata mwaka. La hospitali nisiliguse. Anamnyonyesha mtoto wa miezi minne, na kadi ya kliniki ya mtoto inafunguliwa dirisha lilelile, jirani yake ndiye anayeita majina.